Sufuria ya Bibi Arafa na Mdomo Wangu

Jumatatu, 7 Oktoba 1912. Dodoma.

Daftari jipya. Nimepewa na mwalimu wa misheni kwa kumaliza darasa. Alisimama mbele ya wote akasema Zipora ana mwandiko mzuri kuliko wavulana, ila sauti yake bado hatujaisikia. Watu wakacheka. Nikatazama vidole vya miguu yangu mpaka wakatoka wote.

Naandika kwa Kiswahili. Misheni tulifundishwa lugha mbili, Kigogo na Kiswahili, na mama anasoma Kigogo tu, tena kwa kufuata mstari kwa kidole. Kwa hiyo humu niko salama. Naweza kuungama kila kitu.

Habari ya leo mbaya. Nimepewa kazi kwenye Sufuria.

Niandike kwanza Sufuria ni nini, maana nikizeeka nitasahau. Ni sufuria ya shaba, kubwa, wasichana wawili hawaiinui bila kugombana. Aliiacha marehemu mume wa Bibi Arafa, mfanyabiashara wa misafara, na zamani ilipikiwa wali wa harusi. Mwaka huu mvua zilikatika mapema. Mtama ulikauka ukiwa bado wa magotini. Akina baba wengi wamefuata reli kule mbele ya Tabora, na baba yangu yumo. Ndipo Bibi Arafa na mama yangu, Loisi, wakakaa wakashauriana. Mmoja wa msikitini, mmoja wa kanisani. Hawajakubaliana jambo lolote tangu gari la moshi lifike hapa, isipokuwa hili.

Kila nyumba yenye unga inatoa konzi moja. Kila nyumba yenye msichana inatoa kuni. Asubuhi uji unapikwa uani kwa Bibi Arafa, nyuma ya stesheni. Watoto wa mtaa wanakunywa, na wa kijiji cha Kizota, na wa kokote. Mama aliyejifungua anapelekewa nyumbani. Vijana wakubwa wakisubiri wanafundishwa kusuka vikapu, ili mikono isitafute ugomvi. Watu hawasemi "nyumbani kwa Bibi Arafa" tena. Wanasema "kwenye Sufuria".

Kuna kazi mbili za wasichana.

Ya kwanza, kushika upawa. Unasimama nyuma ya moshi, unakoroga, unateka. Hakuna anayekuona. Husemi. Kazi nzuri kuliko zote duniani! Anayo Rehani, mjukuu wa Bibi Arafa.

Ya pili, kuita. Unapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, unaita watoto nyumba kwa nyumba, wadogo kwanza, wasije wakakanyagana. Wa mjini kwa Kiswahili, wa Kizota kwa Kigogo. Kwa sauti. Mbele ya watu.

Bibi Arafa amesema msichana mwenye lugha mbili mtaani ni mmoja tu. Nikamwambia nitafikiri. Akasema nifikirie nikiwa juu ya kinu, kesho asubuhi.

Rehani alikuwa ameweka upawa begani kama askari na bunduki. Akanitazama toka juu hadi chini, akaenda zake.

Lazima niupate ule upawa.

Jumanne, 8 Oktoba.

Mpango wa kwanza: jino.

Mtu mwenye jino bovu haiti watoto. Lakini anaweza kukoroga. Hata mbuzi anaelewa hilo. Nikafunga shavu kwa kitambaa cheupe, nikaenda kwenye Sufuria nikitembea kwa huzuni.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Bibi Arafa akanionea huruma, akaita watoto mwenyewe. Ila Kigogo chake ni cha sokoni: anajua kununua jogoo tu. Watoto wa Kizota hawakujua kama wanaitwa au wanauzwa. Wakakaa. Wa mjini wakanywa, wakarudi, wakanywa tena. Wa Kizota walipokuja kusukumwa na mama yangu, uji ulikuwa karibu na chini.

Matonya akafika wa mwisho, kama kawaida. Huyu ni mtoto wa mabanda ya reli ya kule Kizota, meno ya mbele hana, dada yake mdogo yuko mgongoni siku zote. Mama yao anachota maji ya stesheni toka alfajiri, kwa hiyo ni yeye anayemwamsha dada, anamfunga, anatembea. Mkononi ana nusu ya kibuyu. Akapata uji, bahati. Nikashusha pumzi.

Mapema mno. Bibi Arafa alikuwa amekwenda ndani, akarudi na mzizi. Akasema watoto wengi wanaogopa dawa, basi Zipora atautafuna mbele yao, waone kwamba hauumi.

Unauma! Ni mchungu mpaka masikioni. Nikatafuna, watoto wamenizunguka, Rehani anateka uji huku mabega yanamtetemeka.

Mchana nikanawa uso, nikafunga kitambaa tena. Jioni mama akanitazama sana. Akauliza jino limehama lini, maana asubuhi lilikuwa kulia. Nikasema maumivu yanatembea. Akasema basi na mimi kesho nitembee, mpaka kwenye kinu.

Jumatano, 9 Oktoba.

Sijui nianzie wapi.

Mpango wa pili ulikuwa mzuri. Bado nasema ulikuwa mzuri. Nyuma ya stesheni hutupwa vipande vya reli vilivyokatwa. Nilikwenda mapema, nikakiburuta kimoja kwa kamba mpaka uani, nikakitundika kwenye mti. Nikaokota msumari mkubwa. Nikamweleza Bibi Arafa: nikigonga mara moja ni watoto wa mjini, mara mbili ni wa Kizota. Hakuna haja ya mdomo. Kanisani wanafanya hivyohivyo na hakuna anayelalamika. Akasema tuone.

Nikagonga.

Watoto wote wakaja kwa mpigo mmoja. Hilo ningelimaliza. Lakini nyuma yao nikaona watu wazima wanakuja mbio, wana bakuli. Vibarua wa njia ya reli! Kumbe na wao huitwa kula kwa kugongewa reli, na yao ina mlio uleule. Walikuwa wameinua mataruma ya kulazia reli, wakayaacha palepale njiani, wakaja. Gari la kokoto lilikuwa linatoka Kilimatinde. Likasimama katikati ya pori likapiga honi. Bwana Stesheni, Mdachi mwembamba, akatoka barazani mwekundu kama pilipili. Alisema mengi kwa Kidachi. Maneno sikuyaelewa, mikono niliielewa.

Watoto wakanywa. Vibarua wakakwangua ukoko wakasema hautoshi. Sufuria ilipobaki tupu, akaingia nyapara wao.

Anaitwa Kihongosi. Ni Mhehe, kifua kama mlango wa boma. Akauliza nani amegonga. Watu wote wakaninyooshea kidole, Rehani wa kwanza.

Hapa lazima niandike habari ya utani. Wagogo na Wahehe ni watani. Wazee wetu walipigana miaka na miaka, wakachoka, wakaona afadhali kutaniana. Mtani akikuchukulia kitu, humkasirikii. Unamtukana kwa sauti, matusi mazito, mbele ya watu. Unamnyang'anya. Watu wanacheka, yeye anapewa ugoro kidogo, mambo yamekwisha. Hata msibani hufanywa. Nimeuona utani toka nikiwa mgongoni kwa mama.

Kihongosi akatangaza kwamba Mgogo amelidanganya tumbo lake, na tumbo la Mhehe halidanganywi bure, kwa hiyo anachukua sufuria. Akaishika kwa mikono miwili. Watu wakasogea wapate nafasi ya kuona. Mama alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ilikuwa zamu yangu.

Mimi, Zipora, niliyesoma, nilipiga goti.

"Shikamoo, baba," nikamwambia. "Chukua tu. Asante."

Kihongosi alisimama na sufuria, mdomo wazi, anasubiri. Nikaona labda haikutosha. Nikaongeza kwamba Mungu ambariki.

Akaondoka nayo polepole. Kila baada ya hatua chache anageuka nyuma, kama mtu aliyesahau kitu asikijue.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Mama hakulala vizuri kwa ajili yangu. Asubuhi akanieleza, taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa.

Nimempa. Ningemtukana, ingekuwa mchezo. Nimepiga goti, nimemwamkia, nimeshukuru, nimemwombea: hiyo ni zawadi. Yeye hawezi kuirudisha, maana kukataa zawadi ya heshima ni kumtukana aliyetoa, tena tusi la kweli. Sisi hatuwezi kwenda kuiomba, maana mtu haombi alichokitoa. Na mwingine hawezi kumnyang'anya kwa niaba yangu. Aliyempa ndiye amnyang'anye. Kwa mdomo wake.

Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Mama akasema zamani walikuwa wakienda vitani.

Uji umepikwa kwenye vyungu vya kuazima. Vidogo. Upawa wa Rehani hauingii kwenye midomo ya vyungu hivyo, kwa hiyo anateka kwa kata na ananitazama kila anapoinama. Niliita kutoka juu ya kinu kwa sauti ya mbu. Watoto wa mbele wakawaitia wa nyuma, tukaenda hivyohivyo.

Alipofika Matonya, vyungu vilikuwa vitupu.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aligeuza kibuyu chake chini juu, akakifuta kwa jani ingawa hakikuwa na kitu, akasema watakuja kesho. Akampandisha dada mgongoni akaondoka.

Alasiri Kihongosi akapita mbele ya nyumba yetu na sufuria kichwani. Akakohoa. Akapita tena kurudi, akakohoa zaidi. Nilikuwa chini ya kitanda.

Naungama: sitamani kufa, lakini natamani kuwa bubu. Bubu hawapangiwi kazi ya kuita.

Baadaye nikajifunza kutukana. Nilimtumia mbuzi wetu. Nikamwambia yeye ni Mhehe, ana masikio mabaya. Mbuzi akaendelea kutafuna. Mama akanikuta, akanishika paji la uso.

Ijumaa, 11 Oktoba.

Mpango wa tatu: Rehani.

Rehani haogopi mtu. Siku moja alimwambia askari wa boma afunge vifungo vyake. Nikamwendea, nikamwambia amtukane Kihongosi badala yangu. Kama aliyempa ni mimi, basi na aliyemtuma ni mimi, si ni kitu kilekile? Niliona nimeipata njia ambayo hata mama hakuifikiria. Rehani akasema sawa, ila nimchotee maji mpaka mvua zinyeshe. Nikakubali. Mungu anisamehe, nikamwandalia na tusi lenyewe, la mbwa. Watani wote wa Wahehe hulitumia: kwamba Mhehe akifika mahali, mbwa wanapungua.

Alikwenda. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji la stesheni. Rehani akasimama mbele yake, mkono kiunoni, akalisema lote, vizuri kuliko nilivyomfundisha.

Kihongosi hakucheka. Aliteremsha sufuria. Akamuuliza kwa upole yeye ni mtoto wa nani. Rehani akajibu: babu yake alitoka upande wa ziwa na misafara, na bibi yake ndiye Arafa.

Sikulifikiria hilo. Rehani si Mgogo! Kati ya watu wao na Wahehe hakuna utani hata kidogo.

Kihongosi akamwambia, bado kwa upole, kwamba basi hajamtania, amemtukana. Akabeba sufuria yake akaenda. Alionekana mzee.

Bibi Arafa ilibidi aende mwenyewe kuomba radhi, na sahani ya vitumbua, kwa mke wa Kihongosi. Mwanamke huyo alivipokea vizuri. Alisema tu kwamba mumewe analala vibaya, na kwamba sufuria imekaa katikati ya chumba chao, wanaizunguka kama kaburi.

Rehani amenyang'anywa upawa. Bibi yake amesema msichana asiyejua anamtukana nani asiguse chakula cha watoto.

Kwa hiyo upawa hauna mtu. Upo kwenye kigingi, unaning'inia. Naungama: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka kwamba hakuna cha kukoroga.

Matonya leo alipata kidogo. Mama alimfichia. Alimpa dada yote, akalamba kibuyu.

Maji ya Rehani nimechota. Begani pamevimba.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Nimepata akili. Utani unadai nimtukane. Haujasema nani awepo.

Nikamvizia Kihongosi akiwa peke yake nyuma ya ghala. Alikuwa amekaa, sufuria magotini, anaisugua kwa mchanga. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikatoa kichwa nusu, nikasema tusi langu.

"Sikusikii," akasema, bila kugeuka.

Nikasema tena.

"Binti, huko ni kusali. Nitukane." Akageuka sasa. Macho yake yalikuwa yananibembeleza. "Shingo yangu imeingia kifuani kwa kubeba kitu hiki. Mke wangu ananiuliza nimemwoa yeye au sufuria. Njoo hapa kati, panua kifua, waite watu. Utani wa kunong'ona ni umbea."

Nikafungua mdomo. Ikatoka kwikwi.

Ndipo akaniambia jambo jingine. Bwana Stesheni hajasahau habari ya gari la kokoto. Anawahamisha, yeye na kundi lake lote, waende kule mbele ya Tabora. Jumatatu asubuhi wanapanda behewa. Na zawadi mtu haiachi nyuma, hata kama ni nzito.

Nikakimbia. Kwikwi ilinifuata mpaka nyumbani.

Sikumwambia mama. Ikawa kazi bure, maana mke wa Kihongosi alikuwa ameshamwambia Bibi Arafa, na Bibi Arafa akamwambia mama, na wote wawili walikaa barazani wananitazama. Bibi Arafa alisema tu, kama anaongea na kikombe chake, kwamba kwa vyungu hivi atawabakiza watoto wa mjini, wa Kizota itabidi waambiwe wasitembee njia yote hiyo bure. Mama akauliza nani atawaambia. Bibi Arafa akasema mwenye Kigogo.

Yaani mimi. Juu ya kinu.

Jumapili, 13 Oktoba. Jioni.

Nina sauti ya chura na ninaandika nikicheka. Ngoja nifuate mpangilio.

Baada ya kanisa watu wote walipita kwenye Sufuria, kama Jumapili zote. Wa msikitini nao walikuwepo, kwa kusikia harufu ya habari. Sijapata kuona umati kama ule uani. Nikapanda kwenye kinu. Nilitakiwa niwaambie wa Kizota wasije tena. Nikaita wa mjini kwanza, kwa sauti ya mbu, nikiomba vyungu visiishe.

Viliisha.

Akaingia Matonya. Akakitazama chungu, akakitazama kibuyu. Akavunja jani la kufutia. Lakini dada yake mgongoni safari hii aliona naye, akaelewa, akaanza kulia, kilio kile cha mtoto mdogo kisicho na haraka. Matonya akaanza kumrukisharukisha, anamwambia kesho, kesho.

Na kesho ndiyo mimi nilitakiwa niwaambie haipo.

Hapohapo Kihongosi akafika na mkewe kuaga. Sufuria kichwani, mizigo mkononi. Akasimama pembeni. Akamwona Matonya. Akaniona mimi. Nilimwona anameza mate, kisha akapanua kifua akatangaza, wa stesheni wasikie, kwamba Wagogo sasa wanawatuma hata watoto wa mgongoni kuomba uji. Kwamba aliyempa sufuria hii alimwombea baraka, na kweli amebarikiwa, anaipeleka Tabora, na huko atakuwa anaogea ndani yake.

Anaogea! Ndani ya Sufuria!

Sijui kilichotokea. Kitu kilitoka miguuni kikapanda. Nilianza kwa Kigogo, na hayo ya Kigogo siyaandiki, mama anasoma. Nikamalizia kwa Kiswahili, wote wapate.

"Wewe Mhehe! Utaogea nini, na maji unayaogopa kuliko paka? Toka ulipofika hapa mbwa wote wa stesheni wamehamia Mpwapwa, hata wenye mimba! Sufuria hiyo ni ya uji wa watoto, nyama yako haiijui. Iweke chini, kabla sijakuita kwa jina la yule uliyemla jana!"

Nikaruka kutoka kwenye kinu. Nikashika mkono wa sufuria. Nikavuta.

Kihongosi, kifua cha mlango wa boma, akajiachia akaanguka chali, miguu juu. Akapiga kelele kwamba anauawa, Mgogo anamuua, mwiteni Mdachi. Uani pakalipuka. Bibi Arafa alishika nguzo. Mke wa Kihongosi alikaa chini kando ya mizigo yao akicheka na kulia, akisema ahsante Mungu imetoka chumbani. Mimi nilibaki nimekumbatia sufuria, bado natukana. Nilishindwa kunyamaza. Mama akaja kuniziba mdomo kwa kiganja, halafu akampa Kihongosi ugoro, na kwa mara ya kwanza wiki hii alikuwa na uso wake wa kawaida.

"Nilidhani nitazikwa nayo," Kihongosi akasema, bado yuko chini. "Mama Zipora, una binti. Nilianza kuona huna."

Sufuria inang'aa hata ndani. Na ule mkono uliokuwa unachezacheza tangu enzi za misafara, mafundi wa Kihongosi wameupiga ribiti, misumari minene ya reli. Mtu alikuwa anaitengeneza kumbe, siku zote hizo, huku anasubiri kutukanwa.

Moto ukawashwa upya. Kihongosi akafungua mfuko wa posho yake ya safari, akamimina unga wa kwanza mwenyewe, akisema ni chakula cha mbwa, Wagogo wasiuguse. Nyumba nyingine zikaleta konzi. Nikapanda kwenye kinu kuita, na wa kwanza nikamwita Matonya, kwa sauti niliyokuwa nayo bado kooni.

Alikuwa amesimama hapo chini ya kinu. Akaniuliza kwa nini nampigia kelele, yuko hapa.

Akanywa. Dada akanywa. Wakarudia. Nimeona tumbo la yule mtoto likiwa kama kibuyu kizima, na nikahisi mtu ameniondolea mzigo kichwani, ingawa aliyekuwa anaubeba ni Kihongosi.

Jumatatu, 14 Oktoba.

Wameondoka. Nilikwenda stesheni. Behewa lilipoanza kwenda, Kihongosi akatoa kichwa akapaza sauti kwamba Wagogo wakimkosa watakufa kwa njaa ya matusi. Nikamjibu. Sitaandika nilivyomjibu. Bwana Stesheni aliziba masikio. Kihongosi alipunga mkono mpaka moshi ukammeza, na mimi nilipunga pia, na sikuona haya hata kidogo.

Na kutoona haya kuna hasara yake.

Bibi Arafa amesema sauti yangu jana ilisikika mpaka bomani, kwa hiyo habari ya kuita imekwisha kujadiliwa: ni mimi, siku zote, mpaka niolewe. Watoto wa Kizota waje wote, wanavyotaka. Mchungaji naye ametuma mtu kusema Jumapili nisome somo mbele ya kanisa, lugha zote mbili. Na kuna harusi mtaa wa pili, wanataka mtu wa kutangaza zawadi.

Nikauliza, kwa upole, habari za upawa. Kwa kuwa upo kwenye kigingi. Kwa kuwa mimi nilikuwa wa kwanza kuutamani.

Bibi Arafa akasema amemrudishia Rehani. Ameona msichana mwenye mdomo kama ule dawa yake ni kukaa nyuma ya moshi, asionekane, asiseme na mtu.

Nyuma ya moshi! Asionekane! Ndiyo adhabu yake!

Rehani alinipita na upawa begani akaniuliza maji yake yako wapi.

Basi. Nimekaa nimefikiri vizuri, na nimetulia. Wiki iliyopita mpango wangu wa kwanza ulikuwa sahihi kabisa, ulikosea jambo dogo tu, nalo ni upande. Kesho asubuhi jino litaanza kuuma. La kulia. Na ili nisisahau, nimetafuta uzi mwekundu wa kufunga kwenye kidole cha mkono wa kulia.

Sasa hivi umekaa kwenye wa kushoto, kwa sababu wa kulia naandikia. Nitauhamisha nikiamka.